Tanghulu nyumbani: matunda ya kijiti yaliyovikwa sukari inayokatika kama kioo, hatua kwa hatua

Wadau, hizi video za watu wanang'ata matunda yamevikwa sukari inalia krak krak zimejaa kwenye simu za watoto wetu, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza mbona yangu imetoka inanata kama ulimbo. Mi nilisoma Tianjin miaka minne, nimekula hiki kitu mpaka basi, nikarudi Dar nikajifanya mjuzi, nikaharibu sukari kilo na kilo kabla haijakubali. Sasa leo naandika yote nnayojua, ni ndefu kidogo, chukua chai yako ukae.

Kwanza jina. Kichina kinaitwa bingtanghulu, bing ni barafu, tang ni sukari, hulu ni kibuyu. Barafu haimo kabisa humo ndani, bingtang ni ile sukari ya mawe, na pia sukari ikishaganda juu ya tunda inang'aa kama barafu kweli. Watu wa Tianjin wenyewe wanaita tangdun'er, ukisema tanghulu wanakuelewa ila wanajua wewe sio wa pale. Asili yake kaskazini mwa China, Beijing, Tianjin, mpaka Harbin huko kwenye baridi ya kuua mtu, na tunda lake la asili sio stroberi, ni shanzha, kadude kekundu, kachachu, nyama yake kavu kama unga unga hivi, ukikala peke yake unakunja uso, ukikavika sukari unatafuta kengine. Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba mfalme Guangzong wa enzi za Song, huko mwishoni mwa miaka ya 1100, mke wake mmoja aliugua akawa hali chakula, mganga akaandika tu shanzha zichemshwe na sukari ya mawe, ale tano mpaka kumi kabla ya chakula, akapona. Hadithi ni hadithi, ila Wachina mpaka leo wanakula shanzha kwa ajili ya kusaidia tumbo kusaga chakula.

Getini kwetu pale chuo kulikua na mama mmoja tukimuita ayi, yaani mama mdogo, ndo heshima yao kwa mwanamke wa umri wa mama yako. Alikua na baiskeli ya matairi matatu, jiko dogo, na ule mti umefungwa majani makavu juu ambao vijiti vinachomekwa vimezunguka kama nungu. Hakua na themomita wala nini. Alikua anachukua kijiti kimoja cha kulia chakula, anachovya ncha kwenye sukari inayochemka, anakizamisha kwenye bakuli la maji baridi, anahesabu kidogo, halafu anaking'ata. Kama hakijalia vizuri anatikisa kichwa anaendelea kusubiri, hata foleni iwe na watu kumi. Kikilia kak! anapunguza moto, anainamisha sufuria na kuanza kuzungusha mishikaki mmoja mmoja. Siku moja nikamuuliza siri ni nini akanijibu neno moja tu: shui. Maji. Nikadhani ananiambia niongeze maji, kumbe alikua ananiambia nitoe.

Na hilo ndo jambo lenyewe, ukilishika hili mengine yote yanafuata. Adui wa tanghulu ni maji. Maji yaliyobaki ndani ya sukari kwa sababu hujaipika ya kutosha, maji yaliyo juu ya tunda kwa sababu hujalikausha, na maji yaliyo kwenye hewa kwa sababu unakaa Dar au Mombasa au Tanga na sio Beijing. Kule wanauza kipupwe, nje digrii ziko chini ya sifuri na hewa kavu mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo sukari inakaa ngumu siku nzima kwenye ule mti. Huku kwetu ukiiacha mezani nusu saa inaanza kutoa jasho. Hujakosea kitu, ndo hewa yetu ilivyo.

Haya, mahitaji. Kwa mishikaki kama kumi au kumi na mbili midogo: sukari vikombe 2 (kama gramu 400), maji kikombe 1, maji ya ndimu nusu kijiko cha chai, vijiti vya mishikaki, sinia lililopakwa mafuta kidogo sana au karatasi ya kuokea, na bakuli la maji baridi. Utaona sukari ni nyingi kuliko inayoenda kwenye matunda, ni kweli, inabaki, ila ukipika kidogo haina kina cha kuzamisha tunda, utabaki unachota na kijiko na matokeo yake mabonge mabonge. Sufuria iwe ndogo yenye kina, sio karai pana, na iwe na chini nene kidogo kama unayo, yale mepesi sana yanaunguza katikati huku pembeni bado.

Sukari: nyeupe nyeupe kabisa ndo rahisi zaidi. Ile yetu ya kawaida yenye rangi ya kahawia inafanya kazi pia lakini inatoa povu zaidi na rangi yake inakudanganya, unaona imeshakua ya dhahabu unadhani tayari kumbe hiyo ni rangi iliyokuja nayo kutoka dukani. Sukari guru weka pembeni, itaungua kabla haijafika.

Matunda sasa, na hapa ndo wengi wanapotea. Kanuni ni tunda lenye ngozi yake nzima, dogo, gumu kidogo, na chachu kidogo, maana ukiweka sukari juu ya tunda tamu tupu unakula utamu mpaka meno yanauma. Zabibu ndo mwalimu mzuri kwa anayeanza, ngozi yake haina mchezo, za Dodoma zikiwa kwenye msimu zinapendeza sana. Stroberi nzuri lakini laini, chagua ambazo hazijaiva sana na usizitoe vile vikonyo vya kijani kabla ya kuosha, ukivitoa maji yanaingia ndani. Chenza inafaa, menya, tenganisha vipande taratibu bila kuchana ile ngozi nyembamba, toa nyuzi nyeupe. Nyanya ndogo za saladi zinakubali pia, kule China ni kawaida kabisa, usicheke mpaka ujaribu. Nanasi, tikiti, embe bivu sahau, maji yao yanayeyusha sukari kutokea ndani, unamaliza kuchovya wa mwisho wa kwanza ushaanza kulia machozi.

Lakini mi kipenzi changu ni kunazi. Ndio, hizi hizi kunazi za kuuziwa kwenye vifungu vya nailoni nje ya shule. Ukipata zile kubwa, mbichi-mbivu, bado zina chachu, ni kavu ndani, zina ngozi imara, kwa kweli ndo kitu nilichopata kinachokaribiana zaidi na shanzha tangu nirudi, na Wachina wana ndugu yake kabisa wanayoita zao, ile nyekundu wanayokausha. Shida yake kokwa. Ayi alikua anakata shanzha katikati kiunoni, anachokoa mbegu kwa ncha ya kisu, halafu anarudishia vipande viwili vikae kama hakijatokea kitu, wengine wanajaza humo katikati maharage mekundu yaliyosagwa na sukari. Kwa kunazi mi siwezi hiyo subira, naziacha na kokwa na ninawaambia watu, ila kwa watoto wadogo usiwape hizo.

Osha matunda mapema, asubuhi kama unapika mchana. Futa moja moja na tishu au kitambaa safi, halafu tandaza chini ya feni saa moja au mawili. Ukigusa na kidole kikavu usisikie unyevu wowote, hapo sawa. Mara yangu ya kwanza na stroberi niliosha, nikakung'uta kung'uta, nikaona zimekauka, nikachovya, shira ikateleza yote ikabaki kama kidimbwi chini na tunda liko uchi. Kosa la pili nililofanya ni kuzitoa kwenye friji moja kwa moja, kuna wanaoshauri hivyo eti sukari inaganda haraka, ila kwa joto la pwani tunda la baridi likikutana na hewa linafanya umande palepale kama soda, na umande ni maji. Yawe ya joto la chumbani.

Choma kwenye vijiti, matunda manne au matano yanatosha, ya juu yawe madogo. Usipitilize ncha kwa nje. Na kwenye kushika acha nafasi ya kutosha ili mkono ukae mbali na sufuria.

Sasa sukari. Weka sukari, maji na ndimu kwenye sufuria bado jiko halijawashwa, koroga hapo mpaka ilowe yote. Washa moto wa kati, endelea kukoroga taratibu mpaka huoni punje hata moja chini na maji yamekua safi. Ikianza tu kuchemka, toa mwiko. Weka chumba kingine ikibidi.

Hapa nisimame kidogo maana hapa ndo mama zetu na dada zetu wa pwani tunakosea, na tunakosea kwa sababu tunajua kupika! Mtu aliyekulia kwenye visheti mkono wake umezoea kwamba shira ikishakua nzito unamimina visheti unakoroga kwa fujo mpaka sukari igeuke nyeupe ivae kama chokaa. Ile ndo tunaitaka kwenye visheti, sukari imerudi kua punje. Kwenye tanghulu ndo hatuitaki kabisa, tunataka ikae kama kioo, na sukari iliyokolea ukiikoroga au ukidondoshea punje moja tu kavu zinaanza kushikana mikono, moja inaita nyingine, ndani ya dakika sufuria lote limekua chokaa. Mi sufuria langu la kwanza liliishia hivyo, nikatengeneza visheti vya zabibu. Ndimu inasaidia kwa sababu uchachu unavunja sehemu ya sukari kua aina nyingine mbili ambazo haziungani vizuri kua punje. Lakini usimwage ndimu nzima, hizo sukari zilizovunjika zinapenda kuvuta unyevu wa hewani kuliko za kawaida, kwa hiyo ukizidisha unapona chokaa unaugua kunata. Nusu kijiko cha chai, basi.

Punje zilizorukia kingo za sufuria nazo zina matatizo yaleyale. Funika dakika mbili mwanzoni mwa kuchemka, mvuke unazishusha wenyewe, halafu funua uache wazi mpaka mwisho ili maji yatoke.

Kuanzia hapo ni kusubiri kama dakika kumi na tano, ishirini, inategemea moto wako, na kuangalia povu. Mwanzo mapovu ni makubwa, mepesi, yanapasuka haraka haraka kama maji ya chai. Baadae yanakua madogo, mazito, yanapanda taratibu na kupasuka kivivu, na sauti yenyewe inabadilika, inakua nzito. Rangi bado nyeupe au ina unjano kwa mbaali kama majani makavu. Kama una themomita ya jikoni unatafuta digrii 146 mpaka 154, mi nazima kwenye 148 kwa sababu sufuria lina joto lake linaendelea kupika hata moto ukizimwa. Kwenye kama 135 itakua inavutika kama gubiti laini na kushika meno, bado ina maji kama asilimia tano. Kwenye 150 yamebaki asilimia moja hivi, na tofauti ya kunata na kukatika iko kwenye hizo asilimia nne tu. Ikipita 160 inageuka kahawia na uchungu unaingia.

Mlioko Nairobi, Arusha, Mbeya, sikilizeni: milimani maji yanachemka chini ya 100, na sukari nayo inashuka hivyohivyo. Chemsha maji matupu kwanza uone themomita yako inasoma ngapi, kama inasoma 95 basi punguza tano kwenye namba zote nilizotaja. Hii pia inakusaidia kujua kama themomita yenyewe ni mzima. Na faida yenu ni kwamba hewa kavu ya huko inawapa muda mrefu zaidi kuliko sisi.

Usiyekua na themomita fanya kama ayi. Chovya ncha ya kijiti kwenye shira, zamisha kwenye maji baridi sekunde tano, toa, ng'ata. Ikishika meno bado. Ikikatika ila ukitafuna inarudi kua ulimbo, bado kidogo. Ikikatika na kusagika yote, tayari, na usikae unashangilia maana una nusu dakika kabla haijaanza kubadilika rangi. Kila ukipima shusha moto mdogo kabisa, usipime huku moto unawaka kwa nguvu.

Kabla hujachovya, usalama, na hapa sitanii. Maji ya moto yakikumwagikia yanatiririka, sukari ya digrii 150 inaganda juu ya ngozi na kuendelea kuunguza. Watoto nje ya jiko kabisa, mikono mirefu, viatu vya kufunika sio ndala, na bakuli kubwa la maji baridi pembeni. Ikikugusa, mkono chini ya bomba la maji ya kawaida dakika ishirini, usibandue kwa nguvu, usipake dawa ya meno wala unga wa ngano, na kama ni eneo kubwa au usoni nenda hospitali. Hiyo kazi ya kuchovya ni ya mtu mzima, watoto kazi yao kuchoma matunda kwenye vijiti.

Haya, zima moto, subiri yale mapovu yatulie nusu, inamisha sufuria shira ikae upande mmoja. Lalisha mshikaki juu ya shira na uuzungushe mara moja, haraka, kama unapaka rangi. Sio kuzamisha ukaacha. Nyanyua, acha yanayodondoka yadondoke huku unazungusha, tabaka liwe jembamba, linene halikatiki vizuri na linachoma fizi kama vioo kweli. Halafu laza kwenye sinia lenye mafuta. Mafundi wa Beijing wanaupiga kwenye ubao baridi uliolowa kidogo na kuuvuta, ile sukari iliyobaki inatanuka kua kama bawa jembamba kwenye ncha, na hilo bawa ndo watoto wanaanza nalo. Kwenye sherehe za mwaka mpya wao pale Changdian, Beijing, kuna mishikaki mirefu zaidi ya mita moja, unatembea nayo imekupita kichwa. Mi bawa hunitokea mara moja katika tano, sijakata tamaa.

Shira ikianza kua nzito katikati ya kazi rudisha kwenye moto mdogo bila kukoroga, sekunde kadhaa, endelea. Dakika tatu nne juu ya sinia inatosha kuganda. Usiupande mshikaki kwenye kitu ukiwa bado wa moto, shira itashuka kwenye kijiti. Ukishaganda ndo unaweza kuchomeka kwenye nusu boga ukaweka katikati ya meza, unafanana kabisa na ule mti wa majani.

Sasa muda. Kwa pwani mi nawaambia watu waje kabla sijaanza kuchovya, sio baadae. Kama kuna chumba chenye AC peleka sinia huko, AC inakausha hewa na unapata saa moja nzuri, wakati mwingine zaidi. Jikoni palipo na maharage yanachemka usithubutu, mvuke wote unaenda kwenye sukari yako. Masika mvua ikinyesha mi sipiki kabisa, nimeshindwa mara tatu nikakubali. Kuhifadhi kwenye friji ya kawaida hakufai, humo mna unyevu. Friza unaweza, kwenye kontena linalofunga vizuri, kwa masaa machache, ila ukitoa ule palepale kabla umande haujakaa.

Ikikuharibikia angalia ilivyoharibika ndo ujue. Inanata tangu mwanzo: hujafikisha joto. Ilikua ngumu ikanata baadae: hewa, au tunda linavuja. Imekua nyeupe na punje punje: ulikoroga au kingo zilikua na sukari. Chungu: umepitiliza. Imeteleza: tunda limelowa. Na iliyogeuka chokaa usiitupe, ongeza maji nusu kikombe, iyeyuke yote, anza upya, sukari haina kinyongo.

Shira inayobaki usimwage kwenye sinki, itaganda humo bombani na fundi utamlipa wewe. Imwage kwenye karatasi ya kuokea iwe kioo, vunja vunja, watu wanatia kwenye chai. Na sufuria lililoganda usilikwangue na kisu, jaza maji, chemsha na vijiti na mwiko vikiwa humo humo ndani, dakika kumi kila kitu kinaachia chenyewe.